Anwani ipi, poti ipi, geitiwei ipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha kusaga mahindi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Tuna mita nane za kufuatilia umeme, zote zimeungwa kwa waya wa RS-485 hadi kwenye kisanduku kidogo ofisini, na kisanduku hicho kimechomekwa kwenye swichi ya kompyuta. Wiki iliyopita niliongea kwa simu na fundi wa waliotuuzia programu. Akaniuliza anwani ya mita, nikampa 192.168.1.50, akasema siyo hiyo. Akauliza poti, nikasema ni RJ45, akacheka. Akauliza geitiwei, nikamwambia ni kile kisanduku, akasema anataka nyingine. Mwisho akaniambia kwamba mita zangu ndizo seva, na mimi nilijua seva ni kompyuta kubwa. Niliaibika mbele ya bosi. Juu ya hayo, volti zinasomeka 17264, mara 17263, mara 17266. Na tangu tuongeze mita ya nane kule maghalani, mita ya kwanza inapotea na kurudi. Nifafanulie maneno haya, na uniambie nianzie wapi.

JIBU: Marahaba, fundi. Kwanza futa hiyo aibu. Kila ulichomjibu yule bwana kilikuwa jibu sahihi, ila la swali jingine. Shida ya fani hii ni kwamba imekusanya watu wa umeme, watu wa kompyuta na watu wa mitambo ya viwandani, kila kundi likaja na msamiati wake, na maneno yakagongana. Ni kama neno paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, na kuna kupaa samaki. Mtu akikuambia "nitafutie paa" bila kueleza, utampelekea bati naye anangoja nyama. Anwani, poti, geitiwei na seva ndivyo yalivyo. Tuyachukue moja moja, kisha turudi kwenye hiyo 17264, ambayo kwa kweli imenifurahisha kuliko maswali mengine yote.

Anwani kwenye mtambo wako ziko za aina tatu, na zote tatu zinahitajika ili volti moja ifike kwenye kompyuta.

Ya kwanza ni anwani ya IP, ile 192.168.1.50 uliyompa. Hiyo ni ya kisanduku. Mita zako hazina anwani ya IP hata moja, kwa sababu haziko kwenye mtandao wa kompyuta. Ziko nyuma ya kisanduku, kwenye waya wao. Ndiyo maana alikataa. Alitaka ya pili, yaani namba ya kifaa, ambayo kwenye skrini za mita na kwenye programu mara nyingi utaiona imeandikwa Unit ID au Slave ID. Hiyo ni namba kati ya 1 na 247, nawe ndiwe unayeiweka kwa vitufe vya mita yenyewe. Kwenye waya mmoja wa RS-485 mita zote husikia kila swali linaloulizwa, lakini ni ile tu yenye namba iliyotajwa inayoruhusiwa kujibu. Namba 0 ni tangazo kwa wote, na hakuna anayelijibu.

Ya tatu ni anwani ya rejista. Rejista ni kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya mita chenye biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1. Volti ina kijisanduku chake, ampea ina chake, kilowati-saa zina chake, na kitabu cha mita kina jedwali linaloonyesha kipi kiko wapi. Hapa pana mtego ambao umewala mafundi wazoefu: vitabu vingine huanza kuhesabu rejista kwa 1, na ndani ya ujumbe wenyewe hesabu huanza kwa 0. Tuseme kitabu kinasema volti iko rejista 3028. Huenda programu yako ikataka uandike 3027. Ukikosea kwa moja, mara nyingi hutapewa onyo lolote. Utapata namba, tena namba yenye sura nzuri kabisa, ila ni ya kitu cha jirani. Kuna na mtindo wa zamani wa kuandika 40001, ambapo ile 4 ya mbele si sehemu ya anwani. Inataja tu kundi la rejista, zile zinazosomwa kwa amri namba 03. Rejista zinazoanza na 3 husomwa kwa amri namba 04. Ukiona mita haijibu amri moja, jaribu nyingine kabla hujamwita mtu.

Kwa hiyo, ukiulizwa tena anwani ya mita, jibu kwa pumzi moja: "Kisanduku ni 192.168.1.50, mita ni namba 1 hadi 8, na jedwali la rejista nakutumia sasa hivi." Hapo hana la kukucheka.

(Ipo pia anwani ya MAC, ile ya biti 48 inayoandikwa kwa jozi sita za tarakimu na herufi kwenye kibandiko. Hupewa kifaa kiwandani kinakotengenezwa. Wewe utaihitaji tu pale mtu wa kompyuta atakapotaka kukiruhusu kisanduku chako kwenye swichi yake.)

Poti. Ulisema RJ45, na RJ45 kweli ni poti, lakini ni tundu la kuchomeka waya. Yeye aliuliza namba ya poti ya TCP, utaratibu ambao kompyuta hutumia kupelekeana data mtandaoni. Fikiria zile akedi za Kikuubo, Kampala, majengo yaliyojaa maduka. Anwani ya IP inakufikisha kwenye jengo. Namba ya poti inakuambia ni duka gani humo ndani. Jengo ni moja, maduka ni mengi, na kila duka lina biashara yake. Kurasa za kawaida za wavuti huhudumiwa kwenye poti 80, zile za usalama kwenye 443, na Modbus, lugha wanayoongea mita zako, ina duka lake namba 502. Kama hakuna aliyeibadilisha kwenye kisanduku, jibu lilikuwa 502, basi.

Kwa kuwa tumelitaja tundu, kuna onyo moja la bure. Zipo mita zenye tundu la RJ45 ambalo ndani yake ni RS-485 wala si Ithaneti, mtandao wa nyaya wa kompyuta. Ukichomeka waya wa kompyuta unaingia vizuri, unakaa kabisa, na hakuna kitakachofanyika hadi kiama. Soma maandishi yaliyo juu ya tundu, usiiamini sura yake.

Geitiwei ndilo neno baya kuliko yote. Wewe ulitaja kisanduku, na hukukosea: kinaitwa geitiwei kwa sababu kinageuza lugha ya upande mmoja kuwa ya upande mwingine. Upande wa ofisi kinapokea Modbus iliyofungashwa kwa TCP, upande wa mita kinatoa Modbus ya waya, ile inayoitwa RTU. Mimi hukiita mkalimani, na nakushauri ufanye hivyo ili usije ukakwama tena. Fundi wa programu alikuwa anauliza geitiwei ya mtandao, yaani lango la kutokea nje ya kiwanda. Kwa kawaida hilo ni ruta yenu, na kwa anwani kama yako huenda ikawa 192.168.1.1. Mkalimani wako ana mahali pa kuandika namba hiyo ndani ya mipangilio yake.

Namba hiyo ikiachwa wazi au ikikosewa, utaona kioja: kompyuta yoyote ndani ya kiwanda itamsoma mkalimani bila taabu, lakini makao makuu Kampala hawatamwona kamwe. Sababu ni kwamba swali lao linafika, ila jibu halijui mlango wa kutokea. Kinachoamua nani wa ndani na nani wa nje ni ile namba nyingine, 255.255.255.0, barakoa ya mtandao. Kwa barakoa hiyo, anwani zote zinazoanza na 192.168.1 ni majirani, na majirani hawahitaji lango. Wengine wote wanapitia langoni.

Na mkalimani mpe anwani ya kudumu. Mara nyingi ruta hugawa anwani yenyewe kwa utaratibu wa DHCP, na ugawaji huo una muda wake. Umeme ukikatika, ukarudi, huenda ruta ikampa mkalimani namba nyingine, na asubuhi utaambiwa mita zote nane zimekufa. Hazijafa. Amehama mkalimani.

Sasa seva. Hapa ninakuelewa kabisa, kwa sababu tumezoea kuona seva ni mashine kubwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Lakini maana ya neno ni yule anayehudumia, yaani anayengoja kuulizwa. Mita haisemi kitu mpaka iulizwe, ikiulizwa, inajibu. Basi mita ndiyo seva, na kompyuta inayouliza ndiyo mteja. Modbus ilitengenezwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, na kwa miaka 40 hivi watu walisema bwana na mtumwa. Mwaka 2020 shirika linaloisimamia likaacha maneno hayo na kushika mteja na seva. Vitabu vya zamani bado vina bwana na mtumwa, kwa hiyo ukiyakuta ujue: bwana ndiye mteja, mtumwa ndiye seva. Yaani ni kinyume na vile akili ingekutuma.

Kuna lugha nyingine ambayo siku hizi utaisikia kila mahali, MQTT, na humo mambo yanageuka tena. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa kazi ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ina bei. Humo mita, au mkalimani wake, haingoji kuulizwa. Inapeleka taarifa yenyewe kwa dalali, na yeyote anayezitaka anajiandikisha kwa dalali. Neno dalali sijalitia mimi kwa mapambo. Ndiyo kazi yake hasa, kusimama kati ya mwenye mali na mnunuzi wasioonana. Faida yake kwetu ni kubwa kwenye laini za simu. Ukitia kadi ya simu ya kawaida kwenye modemu kule shambani, mara nyingi modemu haipati anwani ya intaneti ya kwake peke yake, kwa hiyo Kampala hawawezi kuipigia. Lakini yenyewe inaweza kupiga kwenda nje. MQTT inapiga kwenda nje, na kwa hiyo inapita. Kama bosi ataleta habari ya kuweka mita kwenye pampu iliyo mbali na kiwanda, mkumbushe hilo kabla hajalipa.

Haya, turudi kwenye 17264.

Hiyo si hitilafu ya mtandao, na wala mita yako si mbovu. Mita inasema ukweli, ila unasikia nusu ya sentensi. Mita nyingi huhifadhi volti kama namba yenye nukta, kwa utaratibu wa IEEE 754, unaohitaji biti 32. Rejista moja ina biti 16, kwa hiyo volti moja inakaa kwenye rejista mbili. Namba 240 ikiandikwa hivyo kwa hesabu ya kumi na sita (hex, inayohesabu 0 hadi 9 kisha A hadi F) inakuwa 4370 kwenye rejista moja na 0000 kwenye ya pili. Programu yako imeambiwa isome rejista moja tu, tena kama namba kamili. Na 4370 ya hesabu ya kumi na sita ukiigeuza kuwa hesabu yetu ya kawaida ni 17264 kamili. Kwenye kiwango hiki cha volti, kila ongezeko la moja kwenye nusu hiyo ni volti moja. Kwa hiyo 17263 ni volti 239 na ushee, na 17266 ni volti 242 na ushee. Umeme wenu ni mzuri tu, fundi. Umekuwa ukiusoma wiki nzima bila kujua.

Dawa yake ni kuibadilisha programu isome rejista mbili kama namba moja ya nukta ya biti 32. Ukishafanya hivyo, huenda ukaona sifuri badala ya 240. Usishtuke. Maana yake programu imezipanga rejista kinyume, ya pili mbele na ya kwanza nyuma, na 0000 4370 ni namba ndogo kiasi kwamba programu itaiandika 0. Modbus yenyewe haikuweka sheria ya ipi itangulie, kwa hiyo kila mtengenezaji alichagua lake. Tafuta kwenye programu mahali pa kugeuza mpangilio wa rejista (huandikwa word order), geuza, na 240 itatokea.

Iwapo baada ya hapo volti zitakuwa sawa lakini ampea zikawa ndogo kwa mara 80, usiuguse mtandao. Hiyo ni sitii (CT), transfoma ndogo inayopunguza mkondo ili mita iweze kuupima. Mita haijaambiwa kwamba sitii yako ni ya 400 kwa 5. Nakutajia kwa sababu nimeona mtu akinunua mkalimani mpya kwa ajili ya kosa hilo.

Mita ya nane na mita ya kwanza. Nadhani umeshaanza kulihisi jibu. Mita mpya hutoka kwenye boksi ikiwa tayari na namba ya kifaa, na kwa nyingi namba hiyo ni 1. Mliifunga maghalani, mkaunga waya, na hakuna aliyeibadilisha. Sasa mkalimani akiita "namba 1", wanaitika wawili kwa mpigo. Sauti zao zinagongana kwenye waya, hesabu ya ukaguzi mwishoni mwa ujumbe, inayoitwa CRC, inakataa, na mkalimani anatupa vyote. Mara moja moja mmoja anawahi na mwingine anachelewa, ndipo mita ya kwanza "inarudi". Tena huna uhakika iliyorudi ni ya kwanza kweli au ni ya maghalani inayojibu kwa jina lake.

Huo ndio mshukiwa wangu wa kwanza. Wa pili ni waya wenyewe, na hapa naomba uvumilie nikae kidogo, kwa sababu uko Tororo.

RS-485 ni jozi ya nyaya iliyosokotwa, A na B, na vifaa vyote vinapanda humo humo, ndiyo maana njia hiyo inaitwa basi. Waya unatakiwa kwenda kutoka mita hadi mita, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba, bila matawi. Ukichota tawi refu kutoka katikati kwenda maghalani, ishara inafika mwisho wa tawi, inagonga na kurudi kama mwangwi, na mwangwi huo unaharibu maneno yanayofuata. Kwenye ncha mbili za mwisho, na hapo tu, unaweka rezista ya ohm 120 kati ya A na B ili kumeza mwangwi. (Rezista na rejista: moja unaishika mkononi, nyingine huioni kamwe.) Zima vifaa vyote, pima kwa multimita kati ya A na B: ukipata karibu ohm 60, zipo mbili kama inavyotakiwa. Ukipata 120, ipo moja. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza ya tatu, na kwa bahati yako huenda ni ile iliyokuja ndani ya mita ya nane, ikiwa imewashwa kwa kiswichi kidogo.

A na B nazo zina vituko. Watengenezaji hawakukubaliana ipi ni chanya. Niliwahi kupoteza siku mbili Jinja nikilaani mkalimani, kumbe A ya mita ilikuwa B ya mkalimani. Kubadilishana nyaya hizo mbili hakuunguzi kitu, kwa hiyo siku hizi ni jambo la kwanza ninalojaribu, si la mwisho. Na usiache waya wa tatu, ule wa pamoja. RS-485 huvumilia tofauti ya kati ya volti hasi 7 na chanya 12 tu kati ya kifaa na kifaa, na kwenye kiwanda chenye mota kubwa tofauti hiyo haikawii kupita hapo.

Halafu radi. Hesabu za miaka ya 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na huko duniani bado mji wako unatajwa kwa hilo. Wewe unayeishi hapo huhitaji hesabu. Waya wa shaba unaotoka ofisini kwenda maghalani, hasa kama mmeupitisha juu kwa nguzo, ni antena ya kuvuna radi. Radi haihitaji kuupiga waya wenyewe; ikipiga karibu, udongo wa upande wa ofisi na ule wa upande wa ghala vinatofautiana kwa maelfu ya volti kwa kitambo kidogo sana, na tofauti hiyo inatafuta njia, na njia uliyoipa ni mita zako. RS-485 inaruhusiwa kufika urefu wa mita 1,200 kwa kasi ndogo, kwa hiyo kwa urefu tu hujakosea. Umekosea mahali. Waya unaotoka jengo hadi jengo Tororo mimi singeuweka wa shaba. Ningetumia faiba, yaani uzi wa kioo, na kigeuzi kila upande. Kioo hakipitishi umeme, na biashara ya radi inaishia hapo. Angalia tu faiba hiyo isiwe na waya wa chuma wa kuibeba uliofungwa kwenye paneli pande zote mbili, la sivyo umerudi ulikotoka. Kama pesa ya faiba haipo mwaka huu, weka vizuia radi vya laini ya data kwenye ncha zote mbili za waya huo, uvifunge ardhini kwa waya mfupi mnene, na ganda la waya la kuzuia kelele ulifunge ardhini upande mmoja tu.

Watu wa kompyuta watakuambia uache RS-485, uvute Ithaneti hadi maghalani. Ithaneti ya shaba inaishia urefu wa mita 100, na radi haijui kwamba umebadilisha itifaki, yaani lugha ya mawasiliano.

Maneno ya kasi ni rahisi. Baudi ni mwendo wa kuongea, mara nyingi 9600 au 19200. Pariti ni biti ya ukaguzi. Biti ya kusimama ni pumzi mwishoni mwa kila herufi. Mita zote nane na mkalimani lazima vilingane kwa yote matatu. Moja ikitofautiana inakuwa kama mtu anayeongea haraka mno kwenye mkutano: wapo wanaomsikia, hakuna anayemwelewa.

Lakini kuna hesabu moja nataka uifanye, kwa sababu bosi wako atakuja kutaka kuona kila kitu kila sekunde. Kwa 9600 yenye pariti, kila baiti inachukua biti 11, kwa hiyo waya unabeba baiti kama 870 kwa sekunde. Kusoma rejista 50 kunahitaji baiti 8 za swali na 105 za jibu, yaani sehemu ya nane hivi ya sekunde. Mita nane ni sekunde nzima, na bado hujahesabu muda wa kila mita kufikiri. Sasa mita moja ikizimwa, na umeweka muda wa kusubiri sekunde 1 na majaribio matatu, kila mzunguko unaongezeka sekunde 3 za kungoja asiyekuwepo. Ndiyo maana mita moja ikifa, nyingine zote huonekana zimezubaa. Soma volti na ampea kila sekunde 5 au 10, kilowati-saa kila dakika, na ile jamii ya hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yanayochafua umeme, iache mpaka mtu aiombe.

Saa ya mita nayo ni neno la mawasiliano, ingawa wengi hawaihesabu. NTP ni utaratibu wa mita au mkalimani kuuliza saa kwenye seva ya saa mtandaoni, kupitia poti 123. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Kwa kiwanda hili si pambo, kwa sababu viwanda hapa Uganda hulipa umeme kwa bei zinazotofautiana kwa saa, na jioni ndiyo ghali. Saa ikikosea, utamwonyesha bosi kwamba mashine zilisaga wakati wa bei nafuu, kumbe zilisaga kileleni. Na kwetu kuna kosa ambalo wenzetu wa kwingine hawalijui: fundi aliandika kwenye daftari "jenereta iliwashwa saa 2", akiwa na maana ya saa mbili usiku, na mwenzake akaitafuta kwenye rekodi za mita saa 02:00. Alitafuta sana. Iandike 20:00, kila mara, hata kama mdomoni unasema saa mbili.

Utakutana pia na majina mengine kwenye vipeperushi: SNMP ya watu wa mitandao, BACnet ya majengo yenye viyoyozi vikubwa, DNP3 na IEC 61850 za vituo vya kupozea umeme, DLMS ya mita za kampuni za umeme. Ni lugha nzuri zote, na kwa mita nane za kiwanda cha unga huhitaji hata moja.

Ila usalama unauhitaji. Modbus haina neno la siri. Yeyote anayefika kwenye poti 502 anaweza kusoma, na kama kifaa kinaruhusu kuandika, anaweza kuandika. Kwa hiyo fundi wa mbali akikuomba "nifungulie 502 kwenye ruta ili nione mita zako", mkatalie kwa upole. Mwombe mtumie VPN, njia iliyofichwa ndani ya intaneti, ambayo anaingia kwa ufunguo wake na unaweza kuifunga akimaliza. Na neno la siri la mkalimani, lile lililokuja kwenye karatasi ya boksi, libadilishe leo.

Umeuliza uanzie wapi. Nenda maghalani kabla hujafungua kompyuta. Zima mita ya nane kwa breka yake ndogo, rudi ofisini, uitazame mita ya kwanza kwa robo saa. Ikitulia, rudi uiwashe ya nane, ingia kwenye mipangilio yake, ubadilishe 1 iwe 8, halafu uongeze 8 kwenye orodha ya programu. Isipotulia, chukua multimita na upime zile ohm kati ya A na B, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Niandikie namba utakayoipata, pamoja na urefu wa waya wa kutoka ofisini hadi ghalani na kama unapita juu au chini ya ardhi.